Namba ziko kweli, ao ni namna ya kusema tu?

Katika mwaka 1950, mtafiti Mubelgiji Jean de Heinzelin alichimbua pale Ishango, pembeni ya Ziwa Edouard katika Kivu ya Kaskazini, mfupa mdogo wenye alama za kuchongwa. Unakadiriwa kuwa na miaka karibu 20.000, na leo unalindwa Bruxelles. Safu moja ina alama 11, 13, 17 na 19. Zote ni namba tasa: hazigawanyike ila kwa 1 na kwa zenyewe. Kama mchongaji alifanya makusudi, watafiti wangali wanabishana.

Namba mbili kati ya hizo, 13 na 17, ziko pia ndani ya bishano la wanafilozofia: je, namba iko kitu cha kweli?

Mashariki mwa Marekani kuna aina za nyenze, wale wadudu wa kulia mitini, wanaoishi ndani ya udongo miaka 13, wengine 17, kisha wanatoka kwa wingi wakati mmoja. Kwa nini si 12 ao 16? Maelezo moja ni haya: adui anayerudi kila miaka 4 angekuta nyenze wa miaka 12 kila mara wanapotoka. Wale wa miaka 13 angewakuta mara moja tu katika miaka 52.

Mwaka 2005, mwanafilozofia Alan Baker alishika mfano huo. Hoja yake: tunakubali kwamba elektroni ziko, hata kama hatuzione, kwa sababu sayansi inazihitaji ili ieleze mambo. Hapa kinachoeleza ni kutogawanyika kwa 13. Basi tukubali na namba.

Wapinzani wanajibu: kinachookoa nyenze ni muda wenyewe, siyo namba. 13 inapima muda tu, kama vile kilo siyo muchele. Tena tangu 1980 Hartry Field alijaribu kuonyesha kwamba fizikia ya Newton inaweza kuandikwa bila namba.

Hesabu yenyewe hakuna anayeikataa. Kama Baker ana haki, 13 ilikuwa tasa mbele mtu yeyote achonge mfupa pale Ishango. Kama wapinzani wana haki, mfupa uko, alama ziko, na namba ni njia yetu ya kuzisema.