Toni za Kilokele: ngoma ilizishika, kalamu ikaziacha

Ukishuka mto Kongo kwa mtumbwi kutoka Kisangani kwenda Yangambi, safari ya kilomita zipatazo 100, unapita Yakusu, kituo ambacho Wabaptisti wa Uingereza walikifungua mwishoni mwa karne ya 19. Huko ndiko Kilokele, lugha ya wavuvi na wachuuzi wa mtoni, kilikovishwa herufi za Kilatini. Vazi lilibana.

Chukua neno lisaka. Litamke kwa sauti ya chini mwanzo hadi mwisho: ni dimbwi la maji. Pandisha silabi ya mwisho: ni ahadi. Pandisha mbili za mwisho: ni sumu. Tena kuna sentensi moja, alambaka boili, ambayo kwa toni hii ni mtu anayetazama ukingo wa mto, na kwa toni ile anamchemsha mama mkwe wake. Ukiyaandika hayo bila alama za toni, hutofautishi.

Aliyelichunguza jambo hili kwa undani ni John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefika mwaka 1938. Siku moja alitoka Yakusu kwenda kijiji cha Yaongama bila kutoa taarifa, akamkuta mwalimu, mganga msaidizi na waumini wamekwisha kukusanyika kumngoja. Lokole, ngoma ya huko ya kupelekea habari, ilikuwa imemtangulia. Mwaka 1949 alichapisha kitabu chake juu ya ngoma zinazosema.

Lokole ni gogo lililochimbwa ndani kupitia ufa mrefu, lenye midomo miwili: mmoja hutoa sauti ya juu, mwingine ya chini. Konsonanti haina, irabu haina; inapiga toni tupu. Sasa, mwezi kwa Kilokele ni songe, kuku ni koko, na yote mawili yana toni mbili za juu. Kwa hiyo mpigaji hasemi “mwezi” akanyamaza. Anautaja kama mwezi unaotazama dunia kutoka juu, na kuku anamtaja kwa mlio wake. Urefu huo wote si madoido. Ndio unaoondoa utata, na usiku ujumbe ulisikika umbali wa kilomita 10 hivi.

Maandishi yalifanya kinyume: yakashika konsonanti, yakaziacha toni. Dawa ilijulikana mapema. Mwongozo wa tahajia wa lugha za Kiafrika uliotolewa London mwaka 1930 ulieneza herufi ɛ na ɔ, na wanaisimu walizoea kuweka kistari cha mshazari juu ya irabu yenye toni ya juu. Mwaka 1974 wataalamu wa Zaire, yaani Kongo ya leo, walikutana Lubumbashi kusanifisha maandishi ya lugha za nchi. Lakini fungua leo Kisangani ujumbe wa simu wa Kilingala, lugha nyingine ya toni ya nchi hiyo: moto ni mtu, moto ni kichwa, moto ni moto wa kupikia. Kwa tahajia kamili ni moto, motó na mɔ́tɔ.

Si Kongo peke yake. Kihindi kina alama ya mwezi mwandamo na nukta, chandrabindu, inayokaa juu ya herufi kuonyesha irabu inayopitia puani. Nukta peke yake ni alama nyingine. हंस ni ndege, bata maji. हँस ni cheka. Magazeti mengi huweka nukta tu pote pawili, na anayeanza kujifunza ndiye anayeumia. Sisi wa Kiswahili tusicheke: ritifaa yetu ya ng'ombe nayo hudondoshwa kila siku.

Mzawa hahitaji kistari. Muktadha unamtosha, na hoja hiyo naikubali kwa barua na magazeti. Kwa kamusi na vitabu vya darasa la kwanza naikataa. Mtoto wa Yangambi anayesoma Kilokele, au mgeni anayejifunza Kilingala, hana ngoma ya kumsaidia. Wachapishaji, wawekeeni alama.