Kizuia androjeni: dawa ya chunusi na jina lake

Rumangabo iko kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru, na huko, kama kwingi mashariki mwa Kongo, muuguzi husomea kazi yake kwa Kifaransa kisha akaifanya kwa Kiswahili. Akimweleza msichana kwamba chunusi zinazomfumuka kidevuni kila akikaribia siku zake zinatokana na "homoni za kiume", amemtisha bure. Binti ataondoka akijiuliza kama ataota ndevu.

Homoni hizo ni androjeni, na kila mwanamke anazo: hutengenezwa na ovari zake na tezi zilizo juu ya figo. Ndizo zinazoamsha tezi za mafuta za ngozi. Mafuta yakizidi, vitundu vya vinyweleo huziba, bakteria hustawi humo, na uso huvimba. Wengi wenye chunusi wana androjeni za kiwango cha kawaida kabisa. Ngozi yao tu ni nyepesi kuzisikia. Kwa hiyo tuseme androjeni, "ya kiume" tuiache.

Wako wanaopenda "kichocheo" badala ya homoni. Wana hoja, maana mwanafiziolojia Mwingereza Ernest Starling alipoanza kutumia neno homoni mwaka 1905 alilichukua kwenye kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchochea. Lakini wanakemia wameshalitwaa kichocheo kwa kazi yao, na homoni imekwisha kuzoeleka.

Linaloniudhi zaidi ni "tiba ya homoni", jina linalopewa dawa za chunusi hizi. Anayelisikia hudhani anaongezewa kitu. Spironolaktoni, dawa ya zamani ya presha na ya kutoa maji mwilini, haiongezi homoni yoyote: hukalia vipokezi ambavyo androjeni ingevishika. Hiyo ni kizuia androjeni, jina lililoundwa kama kiuavijasumu. Katika jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2023, wanawake 410 wenye chunusi walipewa dawa hiyo au kidonge kitupu. Nafuu ilionekana zaidi wiki ya 24 kuliko ya 12. Anayetaka uso safi kwa harusi ya mwezi ujao amechelewa. Mjamzito haruhusiwi kabisa, kwani dawa inaweza kuvuruga viungo vya uzazi vya mtoto wa kiume tumboni.

Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni na projestini navyo hupunguza androjeni zilizo huru katika damu, ingawa havimfai mwanamke mvutaji wa sigara aliyepita miaka 35 wala aliyewahi kuganda damu mishipani. Sindano ya miezi 3 na kijiti cha mkononi ni jambo jingine: vina projestini peke yake, na kwa baadhi ya wanawake huzidisha chunusi. Krimu za kujichubua zenye steroidi pia huzizalisha.

Basi dada, kabla ya kuomba dawa yoyote, mwambie muuguzi unapaka nini usoni na unatumia njia gani ya uzazi wa mpango.