Sentensi Moja, Makosa Matatu

Ndugu msikilizaji, wiki iliyopita nilipanda daladala kutoka Mbagala kwenda Kariakoo. Dereva alikuwa amefungulia redio, na mheshimiwa mmoja alikuwa akihutubia mkutano wa hadhara. Jina lake naliweka kando, maana ugonjwa huu si wake peke yake. Akasema kwamba Tanzania ilipopata Uhuru mwaka 1961 chini ya CCM, Mwalimu Nyerere akawa Rais wetu wa kwanza. Makofi yakapigwa.

Mzee mmoja niliyempisha kiti akacheka kidogo. "Mwanangu," akaniambia, "mimi nilikata kadi kabla ya Uhuru. Ilikuwa kadi ya TANU. Hiyo CCM ningeikuta wapi?"

Nikashuka Kariakoo na swali lake kichwani. Sasa tuhesabu pamoja.

Kosa la kwanza: tarehe 9 Desemba 1961 Tanzania haikuwapo. Iliyopata Uhuru siku ile ni Tanganyika. Zanzibar ilikuwa bado chini ya himaya ya Mwingereza, na Sultani yupo. Himaya hiyo ilikoma tarehe 10 Desemba 1963, Mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964, na nchi hizi mbili zikaungana tarehe 26 Aprili 1964. Hata jina la Tanzania lilikuja miezi kadhaa baada ya Muungano.

Kosa la pili: CCM ilizaliwa tarehe 5 Februari 1977, TANU ya Bara na ASP ya Visiwani zilipoungana. Uhuru wa Tanganyika ulikuwa umetimiza zaidi ya miaka 15.

Kosa la tatu: mwaka 1961 hatukuwa na Rais. Mwalimu alikuwa Waziri Mkuu. Mkuu wa nchi alikuwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, akiwakilishwa hapa na Gavana Mkuu, Sir Richard Turnbull. Tulipata Rais tarehe 9 Desemba 1962, siku Tanganyika ilipokuwa Jamhuri.

Najua wapo watakaosema, "Ah, hizo ni tarehe tu, kuteleza si kuanguka." Nakubali, ulimi hauna mfupa. Lakini tazama kinachopotea.

Ukisema Tanzania ilipata Uhuru 1961, Mzanzibari anauliza historia yake umeitupa wapi. Muungano ni mapatano ya nchi mbili. Ukiifuta mmoja wao katika hesabu, huo Muungano unausifu kwa lipi? Ukisema CCM, umewafuta akina mama waliomfuata Bibi Titi Mohamed katika TANU, na wazee waliokata kadi wakati kadi hiyo ingeweza kumgharimu mtu kazi yake.

Na ukimfanya Mwalimu kuwa Rais tangu 1961, umeufuta mwezi Januari 1962. Mwezi ule, wiki 6 tu baada ya Uhuru, Mwalimu alijiuzulu Uwaziri Mkuu kwa hiari yake, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama miongoni mwa wananchi. Kiongozi aliweka madaraka chini na nchi haikuyumba. Je, hilo si somo ambalo waheshimiwa wetu wangependa tulikumbuke? Au ndiyo maana linasahaulika upesi?

Mtoto wa shule akiandika sentensi ile katika mtihani, anakosa alama. Mkubwa akiitamka jukwaani, anapata makofi. Kesho mtoto atamwamini nani, mwalimu wake au kipaza sauti?

Waheshimiwa, sitaki mengi. Kabla ya kupanda jukwaani, fungueni kitabu cha historia cha mtoto wa shule ya msingi. Kama hakipo nyumbani, kaeni kwenye daladala karibu na mzee. Nasi tunaopiga makofi, tusikilize kwanza, ndipo tupige.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.