Siku Fashini Ilipotobolewa

Mapema mwaka 1939, jahazi la Kuwait liitwalo Bayan lilifika Mombasa likiendeshwa na tanga peke yake. Nahodha wake alikuwa Ali bin Nasser al-Najdi. Ndani yake alikuwamo pia Mwaustralia Alan Villiers, baharia na mwandishi aliyepanda chombo hicho Aden kwa sababu aliamini enzi ya tanga inafika ukingoni na alitaka kuiona kabla haijazama. Kitabu chake cha safari hiyo, Sons of Sinbad, kilitoka 1940.

Ng'ambo ya kisiwa hichohicho, chini ya saa moja kwa miguu kutoka Bandari ya Kale, meli za chuma zilikuwa zimefungwa gatini Kilindini zikipakia kahawa na pamba zilizoteremshwa na reli kutoka Uganda. Mombasa ilikuwa na bandari mbili, na kila moja iliishi na mwendo wake.

Mvuke haukuwa mgeni. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869, na mwaka 1872 kampuni ya British India ilianza kuleta meli za barua kati ya Aden na Unguja. Lakini zaidi ya miaka sitini baadaye tanga lilikuwa bado halijang'oka, na sababu iko katika mashine yenyewe. Injini ya mvuke haiji peke yake. Huja na tanuri, na birika kubwa la maji yasiyo na chumvi, na shehena ya makaa, na watu wa kuyachota usiku na mchana. Vitie vyote hivyo katika chombo cha mbao cha tani mia moja na ushei, uone kama patabaki mahali pa kuweka tende. Mvuke ulifaa meli kubwa. Kwa jahazi ulikuwa mzigo juu ya mzigo.

Dizeli ndiyo iliyopata mlango. Rudolf Diesel alifaulu kuiendesha injini yake mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Injini hiyo hubana hewa ndani ya silinda mpaka iwe moto wa kutosha kuwasha mafuta yanapopulizwa humo, bila plagi wala cheche. Baharini hilo ni jambo kubwa, maana maji ya chumvi huuharibu upesi mfumo wa umeme, na tangi la dizeli halishiki moto kirahisi kama la petroli. Haina birika, haina makaa, na mtu mmoja anayeijua anatosha kuitazama. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, majahazi ya Ghuba yaliyokuwa yakija Mombasa yakaanza kufungwa dizeli, moja baada ya jingine.

Kazi ilianzia tezi. Fashini, ule mti mkuu wa nyuma unaobeba usukani, ilitobolewa ili shafti ipite, na usukani wenyewe ukakatwa kidogo rafadha ipate nafasi ya kuzunguka. Ndani kukajengwa kitanda cha magogo mazito juu ya mkuku na mataruma, kwani injini ile ni nzito na inatetema. Mtetemo huo haukuwahurumia mafundi. Pamba ya kalafati iliyoshindiliwa baina ya mbao hulegea, na banduru ikajaa maji yasiyojulikana yametokea wapi. Mtepe, chombo cha kale cha pwani kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, ulikuwa umeshaacha kuundwa dizeli ilipoenea. Mfano wake unatazamwa Fort Jesus, na ni vigumu kuamini kwamba mishono ile ingeivumilia injini hata mwaka mmoja.

Mlingoti haukung'olewa. Ulifupishwa, foromali ikapunguzwa, na tanga likabaki kuwa akiba.

Badiliko kubwa zaidi lilionekana nchi kavu. Kaskazi, inayovuma tangu Novemba hivi hadi Machi, ndiyo iliyovileta vyombo vya Arabuni, Uajemi na India. Kusi ikianza Aprili ndiyo iliyovirudisha. Kati ya pepo hizo mbili Mji wa Kale ulijaa wageni. Palikuwa na chumvi, tende, mazulia na papa mkavu wa kuuza. Palikuwa na boriti za mikoko za kununua, nyumba za kupanga, kahawa ya kunywa, na hata ndoa za kufungwa. Nahodha hakuwa na haraka, kwa sababu haraka yake isingegeuza upepo. Aliyefunga dizeli aliweza kuondoka shehena ikitimia. Kama kuna kitu ambacho injini ilikiua katika Mji wa Kale, basi ni msimu. Jahazi lenyewe liliendelea kuelea, likadhoofishwa na mengine: utajiri wa mafuta wa Ghuba, ambao uliwapa vijana wa huko kazi nono kuliko ubaharia, na amri ya serikali ya Kenya ya mwaka 1982 iliyopiga marufuku kuuza boriti za mikoko nje ya nchi. Jahazi lililokosa mzigo wa kurudi nao halisaidiwi na injini ya aina yoyote.

Vyombo vidogo vina hadithi nyingine. Mwaka 1909 Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwe aliyehamia Marekani, alianza kuuza injini ya petroli ya kufungwa nje ya tezi, yenye rafadha yake chini, ambayo mtu huibandua jioni akaenda nayo nyumbani. Yamaha ya Japani ilitoa yake ya kwanza 1960, na leo jina hilo ndilo linaloonekana zaidi katika fukwe za Afrika Mashariki. Mashua, kwa kuwa tezi yake ni bapa, iliipokea bila taabu. Ngalawa, iliyochongoka pande zote mbili, haina pa kuifunga mpaka fundi atengeneze kishikizo.

Nyingi za mashine hizo ni za mipigo miwili. Mafuta huwaka ndani ya silinda kila mzunguko mmoja, oili huchanganywa na petroli, vipuri ni vichache, na fundi wa ufukweni huifungua na kuifunga kwa spana chache. Ila inakula mafuta, na sehemu yake hutoka na moshi bila kuungua. Ya mipigo minne huwaka kila mizunguko miwili, ina oili yake mbali, inanyamaza na kubana matumizi, lakini ni nzito zaidi na bei yake inatisha. Marekani ilipitisha mwaka 1996 kanuni za moshi zilizozibana sana injini za kale za mipigo miwili. Kwa mvuvi wa Mombasa swali huwa jingine: ikizimika nje ya mwamba, ataweza kuiwasha mwenyewe?

Na kuna hesabu ya pwani. Samaki wakishauzwa, kwa kawaida petroli hutolewa kwanza, kisha chombo na mashine hupewa fungu lao, na kilichobaki ndicho wanachogawana mabaharia. Ndiyo maana mashua yenye mashine huonekana bado imebeba tanga: inatoka kwa petroli alfajiri, na upepo ukikubali, inarudi bila kuiwasha.