Macho Ndiyo Yanayocheka: Asili ya Vijisura vya Kijapani



Wengi wetu hatuweki picha zetu WhatsApp. Tunaweka ua, mkono wenye hina au Kaaba, na pembeni ya jina tunabandika kijisura kama hiki: (^_^) au (◕‿◕). Vinapendeza, havimuoneshi mtu uso wake, na bando halihisi kitu. Tunavinakili kila siku kutoka kwa wenzetu bila kuuliza vimetoka wapi wala vinasema nini, na kuna kimoja ambacho baadhi yetu tukikijua tutakifuta leo leo. Basi tuufumue mshono tuone ndani.

Wajapani wenyewe huviita kaomoji. Kao ni uso, moji ni herufi.

Wamarekani walitangulia kidogo. Tarehe 19 Septemba 1982, mtaalamu wa kompyuta Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliwashauri wenzake waweke alama hii :-) kwenye maneno ya mzaha, kwa sababu mizaha ilikuwa ikichukuliwa kuwa kweli na mabishano hayaishi. Sura hiyo ukitaka kuiona lazima ulaze kichwa begani. Mwaka 1986, kwenye mtandao wa kompyuta wa Japani ulioitwa ASCII NET, ikatokea (^_^), na anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Wakabayashi Yasushi. Hii imesimama wima, unaitazama kama unavyomtazama mtu.

Lakini tofauti kubwa si shingo. Angalia vizuri. Katika sura ya Kimarekani macho kwa kawaida ni nukta mbili tu, na mdomo ndio unaopanda au kushuka. Katika ya Kijapani mdomo mara nyingi ni kistari tu, na kazi kubwa inafanywa na macho: ^ ^ ni furaha, T T ni machozi yanayotiririka, > < ni mtu aliyefumba macho kwa uchungu au aibu. Ukiweka alama ya nukta-mkato pembeni, (^_^;), hilo ni tone la jasho, kama linavyochorwa kwenye vitabu vyao vya katuni: mtu anacheka huku ana wasiwasi. Mwaka 2007 mtafiti Masaki Yuki wa Chuo Kikuu cha Hokkaido na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha Wajapani na Wamarekani. Wajapani walisoma hisia zaidi machoni, Wamarekani zaidi mdomoni.

Sisi tunaovaa nikabu hatukuhitaji utafiti. Muuza vitambaa wa Darajani anajua kwa macho tu kwamba bei yake imekuchekesha.

Na kabla ya kompyuta walikuwapo wasichana. Miaka ya 1970 wanafunzi wa kike wa Japani walianza kuandika kwa herufi za mviringo, wakichomeka mioyo, nyota na vijiuso katikati ya maneno. Zipo skuli zilizopiga marufuku mwandiko huo. Miaka ya 1990 wasichana hao, au tuseme wadogo zao, walikuwa na peja, kile kidude kilichopokea tarakimu tu. Wakageuza tarakimu kuwa maneno, maana katika Kijapani namba moja husomeka kwa sauti zaidi ya moja. 0840 ilisomwa "ohayo", yaani habari za asubuhi. 3341 ilikuwa "samishii", nahisi upweke. Hebu fikiria msichana wa miaka kumi na sita ametoka skuli jioni, ana kidude kisichopokea hata herufi moja, na bado amepata njia ya kumwambia shoga yake kuwa moyo wake mzito.

Wanawake wa pwani tunalielewa jambo hili bila kuelezwa. Kanga imetufanyia kazi hiyo hiyo: unavaa, unapita mbele ya anayehusika, umeshasema, na mdomo haukufunguka. Wala Japani si mgeni katika kanga zetu. Katika karne iliyopita kanga zilizochapwa viwandani huko ziliuzwa pwani hii, na maneno ya Kiswahili juu yake.

Mwaka 1999 Kurita Shigetaka akatengeneza vipicha 176 kwa ajili ya simu za kampuni ya DoCoMo, na kutoka hapo emoji zikatapakaa dunia nzima. (Neno lenyewe ni la Kijapani: e ni picha, moji ni herufi ile ile.) Kwa miaka mingi hakukuwa na hata moja yenye hijabu. Aliyeiomba ni msichana wa Kisaudia aliyekuwa akiishi Berlin, Rayouf Alhumedhi. Mwaka 2016, akiwa na miaka 15, alipeleka pendekezo kwa wanaosimamia herufi za kompyuta, na 2017 ikaingia kwenye simu. Mashallah kwake.

Sasa kile tulichokiahidi. Ni hiki: m(_ _)m. Wengi hukiweka mwisho wa ujumbe kama pambo, wakidhani ni paka amelala. Sivyo. Hizo m mbili ni viganja vilivyowekwa chini, na vistari ni macho ya mtu aliyeinamisha kichwa mpaka sakafuni. Kwa Wajapani ni adabu ya kuomba radhi au kushukuru, si ibada, na hatuwalaumu. Lakini sisi paji la uso tunajua tunalishusha kwa nani. Hukumu tunawaachia wanazuoni. Sisi cherehani yetu haikitumii. Gauni likichelewa tunaandika "samahani sana dada", kisha (>_<), na mteja anaelewa.

Hivyo hivyo (♥_♥). Maana yake ni macho yaliyojaa mapenzi. Kumpelekea shoga aliyekuonesha gauni lake ni sawa. Kumpelekea mpambaji wa ukumbi au mpiga picha wa kiume, hata kama kazi yake imekufurahisha kweli, ni kumfungulia mlango ambao hukukusudia. Huyo mwandikie "kazi nzuri, Mungu akubariki", inatosha.

Na kwa mabibi harusi wanaotaka vijisura kwenye kadi za mwaliko: mpelekeeni mchapaji mapema na muombe nakala moja ya majaribio. Vile vyenye herufi ya Kijapani ndani yake, kama (ツ), katika baadhi ya kompyuta na simu za zamani hugeuka visanduku vitupu. (^_^) haina shida hiyo, maana alama zake zote zipo kwenye kibodi ya kawaida.