Mzigo, Ekseli na Uwanja Tambarare: Baiskeli ya Juba katika Historia ya Ubunifu wa Fremu

Historia ya baiskeli mara nyingi huandikwa kama historia ya matairi, minyororo na mbio, ilhali sehemu inayobeba uamuzi mzito zaidi wa mbunifu ni fremu, yaani kiunzi cha mabomba ya chuma kinachoshikanisha magurudumu mawili, usukani, kiti na pedali. Urefu wa mabomba hayo na pembe yanazokutania ndivyo vinavyoamua kama chombo kitashika njia iliyonyooka au kitageuka kwa wepesi, na kama kitahimili gunia la mkaa au kitainuka mbele mara tu mpandaji anapoegemea nyuma. Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, imezoea kwa miongo mingi baiskeli kubwa nyeusi ya mizigo, na ni vigumu kupata fremu iliyo mbali nayo zaidi ya ile ya BMX iliyobuniwa kwa ajili ya flatlandi, mchezo ambao mpandaji huzungusha na kusawazisha baiskeli katika uwanja tambarare, bila kilima wala jukwaa la kurukia. Hata hivyo, fremu hizo mbili zikichunguzwa pamoja huonekana kuwa majibu mawili ya swali moja, nalo ni wapi uzito ukae ukilinganishwa na ekseli ya nyuma, na historia ya Juba inaonyesha kwamba swali hilo halikujibiwa na viwanda peke yake, bali pia na mafundi wa sokoni.

Baiskeli ya mizigo ilizaliwa mbali na mto Naili. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli aliyoiita Rover, yenye magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Miaka 3 baadaye John Boyd Dunlop akapata hataza ya tairi la upepo, na kabla mwongo huo haujaisha kampuni ya Raleigh ilikuwa imeanzishwa Nottingham. Muundo uliotokana na mageuzi hayo ulienezwa katika himaya yote ya Kiingereza, kisha ukarithiwa na viwanda vya India, kama Hero ya Ludhiana iliyoanza mwaka 1956, na vya China, ambavyo baiskeli yao ya Phoenix ilijulikana hadi vijijini kote Afrika Mashariki. Nchini Kenya aina hiyo ilipewa jina la Black Mamba, na Tanzania katika zama za viwanda vya umma iliunda ya kwake iliyoitwa Swala.

Juba yenyewe ni mji wa karne ya 20. Mwishoni mwa miaka ya 1920 watawala wa Kiingereza, waliokuwa wakiitawala Sudan pamoja na Misri, walihamisha makao ya mkoa kutoka Mongalla hadi Juba, mahali ambapo meli za mto kutoka kaskazini zilifikia kikomo kwa sababu ya maporomoko yaliyo mbele, na ambapo barabara ya Nimule na Uganda ilianzia. Mji ukawa kiungo cha njia mbili za biashara, moja ya majini kuelekea Khartoum na nyingine ya nchi kavu kuelekea Kampala na hatimaye Mombasa. Nafasi hiyo iliufungua kwa bidhaa za pande zote mbili, na kwa upande wa baiskeli njia ya kusini ndiyo iliyokuja kuwa na uzito zaidi, kwa kuwa huko ndiko matumizi ya baiskeli kama chombo cha kazi yalikokomaa.

Ukomavu huo ulionekana wazi mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, ambako katika miaka ya 1960 na 1970 vijana walianza kuwavusha abiria na bidhaa kwa baiskeli kutoka kituo kimoja cha forodha hadi kingine, na huduma hiyo ikaitwa boda boda. Kisangani, mashariki mwa Kongo, huduma ya namna hiyo iliitwa toleka, nayo ilikuwa tegemeo la mji wakati vita vilipokausha mafuta na kuvuruga usafiri wa magari. Kusini mwa Sudan vita vya 1955 hadi 1972, na vile vilivyoanza tena mwaka 1983, viliwasukuma maelfu ya watu hadi Uganda, Kongo na Kenya, huku Juba ikibaki ngome ya jeshi la serikali iliyotegemea ndege na majahazi kwa mahitaji yake. Watu waliokaa uhamishoni ng'ambo ya mpaka waliishi kati ya jamii ambazo baiskeli ilikuwa chombo cha riziki, na wengi wao walirudi baada ya Mkataba Mpana wa Amani wa tarehe 9 Januari 2005 uliovikomesha vita hivyo.

Ubunifu wa baiskeli hiyo ya mizigo unastahili kutazamwa kwa makini. Bomba la usukani limelala kwa pembe inayokaribia nyuzi 67 kutoka ardhini, na foku, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, imepindwa mbele kwa upana unaoonekana kwa macho. Gurudumu la inchi 28 huvuka mashimo kwa urahisi kuliko gurudumu dogo. Na umbali kati ya ekseli mbili hupita mita 1 na sentimita 10. Mpangilio huo huifanya baiskeli iwe nzito kugeuka, lakini huifanya itulie katika njia ya mchanga na changarawe, na foku iliyopinda hunesa kidogo na kumeza mtikisiko. Lililo muhimu zaidi ni urefu wa sehemu ya nyuma, kutoka ekseli ya pedali hadi ekseli ya gurudumu, kwa sababu urefu huo huwapa mpandaji na mzigo nafasi ya kukaa bila uzito wote kuangukia nyuma ya ekseli.

Hesabu hiyo inaeleweka kwa kumtazama muuza maji wa Juba. Mji ambao kwa miaka mingi mabomba ya maji hayakuwafikia wakazi wake wengi umetegemea magari ya tangi na baiskeli, na baiskeli hizo hupakiwa madumu ya lita 20, kila moja likiwa na uzito wa kilo 20 na ushei, yaliyofungwa kwa mikanda ya mpira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Madumu manne tu ni zaidi ya kilo 80, uzito wa mtu mzima. Madumu yakining'inizwa ubavuni mwa gurudumu, kitovu cha uzito hushuka na baiskeli hutulia. Yakirundikwa juu ya keria na kuvuka ekseli kuelekea nyuma, gurudumu la mbele hupoteza mshiko na usukani huanza kuelea. Ndiyo maana muuzaji aliyejaza madumu huisukuma baiskeli badala ya kuipanda, mkono mmoja ukiwa kwenye usukani na mwingine kwenye kiti, akiutumia mwili wake mwenyewe kuzuia mbele kuinuka.

Kiwanda hakikuutazamia mzigo huo, na hapo ndipo kazi ya fundi ilipoanzia. Katika eneo zima la Uganda, magharibi mwa Kenya na kusini mwa Sudan, keria nyembamba ya dukani iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na keria ya nondo iliyochomelewa, foku ikaongezewa vyuma vya kuikaza, na baiskeli ya abiria ikawekewa mto wa kukalia na vyuma vya kuegeshea miguu. Marekebisho hayo yaliwezekana kwa sababu fremu hizo zimetengenezwa kwa chuma cha kawaida chenye kuta nene, ambacho hukubali kuchomelewa kwa mashine sahili na kinapopinda huweza kunyooshwa.

Wakati baiskeli ya mizigo ikiendelea kukazwa Afrika Mashariki, vijana wa kusini mwa California walikuwa wakielekea upande mwingine. Mwaka 1963 kampuni ya Schwinn ilitoa Sting-Ray, baiskeli ya watoto yenye magurudumu ya inchi 20, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 watoto walianza kuitumia kuigiza mbio za pikipiki katika njia za udongo. Filamu ya mwaka 1971 iitwayo On Any Sunday iliusambaza mchezo huo, uliokuja kuitwa BMX. Fremu za watoto zilipovunjika, watengenezaji walihamia kwenye kromoli, chuma kilichochanganywa na kromi na molibdeni, ambacho kwa uzito mdogo hustahimili mapigo zaidi ya chuma cha kawaida. Mwaka 1982 Bob Haro, mchoraji na mpandaji, alileta sokoni Haro Freestyler, fremu iliyokusudiwa michezo ya ustadi badala ya mbio.

Mchezo wa uwanja tambarare ulikomaa mwishoni mwa miaka ya 1980, hasa kupitia Kevin Jones wa York, Pennsylvania, ambaye pamoja na wenzake aligeuza mitindo ya kusimama mahali pamoja kuwa mitindo ya kubiringika juu ya gurudumu moja. Mageuzi hayo yaliilazimisha fremu ibadilike. Pembe ya bomba la usukani ilisimama hadi kukaribia nyuzi 75. Sehemu ya nyuma ilifupishwa hadi takriban sentimita 33. Na umbali wa ekseli mbili ukashuka chini ya sentimita 95. Foku ilinyooshwa ili ekseli ya mbele ikae kwenye mstari wa mhimili wa usukani, kwa sababu foku iliyopinda ikizungushwa nusu mduara huleta gurudumu chini ya fremu na kubadilisha urefu wa baiskeli katikati ya mchezo, ilhali foku iliyonyooka huiacha baiskeli ilivyokuwa. Ekseli zilifungwa vigingi vya kukanyagia, na wachezaji walizifungua habu, yaani vitovu vya magurudumu, za breki ya kukanyaga nyuma na kuondoa sehemu za breki, wakapata habu inayoruhusu gurudumu kurudi nyuma bila kuzungusha pedali.

Ukilinganisha vipimo hivyo na vya baiskeli ya maji, jambo moja linajitokeza. Ajali anayoihofia muuza madumu ndiyo hali anayoitafuta mchezaji wa flatlandi: wote wawili hushughulika na uzito unaovuka ekseli ya nyuma na kuinua gurudumu la mbele, mmoja akitumia fremu ndefu na kushusha mzigo ili jambo hilo lisitokee, mwingine akitumia fremu fupi ili litokee kwa kuegemea kidogo tu. Ardhi pia imegawana kazi hiyo, kwani gurudumu la inchi 20 na fremu fupi humtupa mpandaji katika barabara yenye mashimo, na mchezo wote husimama juu ya sharti la kuwepo lami au saruji laini.

Sharti hilo lilianza kutimia Juba hivi karibuni tu. Baada ya mwaka 2005 mitaa kadhaa ya mji iliwekwa lami, na mwaka 2012, mwaka mmoja baada ya uhuru wa tarehe 9 Julai 2011, barabara ya Juba hadi Nimule yenye kilomita 192 ilikamilika kwa lami. Lami hiyo ilileta kwanza pikipiki, zikiendeshwa kwa wingi na vijana wa Uganda na Kenya, hata mwaka 2013 serikali ikawapiga marufuku wageni kufanya kazi ya boda boda. Baiskeli ya abiria ilipoteza nafasi, lakini ya mizigo haikutoweka, na katika kanda hii wabunifu wamerudi kuishughulikia: shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, lilibuni baiskeli ya Buffalo yenye breki ya kukanyaga nyuma na keria ya kubeba kilo 100, ambayo kwa kweli ni uthibitisho wa kiwandani wa yale mafundi waliyokwisha kuyafanya kwa nondo.

Viwanja vya saruji navyo vimeongezeka kwa sababu ya mapenzi ya mji kwa mpira wa kikapu, na uwanja wa aina hiyo una kila sifa ambayo flatlandi inahitaji. Mbunifu atakayekusudia fremu ya mchezo huo kwa Juba anaweza kuzichukua pembe za nyuzi 75 na foku iliyonyooka bila kubadilisha chochote, kwa kuwa hizo hutokana na mwili wa mpandaji na saruji, ambavyo havitofautiani kati ya Pennsylvania na ukingo wa Naili. Kinachopaswa kubadilika ni chuma. Kromoli nyembamba ikipasuka huhitaji mashine na ustadi ambao karakana nyingi za kando ya soko hazina, kwa hiyo bomba nene la chuma cha kawaida, ingawa litaongeza uzito, lingemweka fundi wa Juba ndani ya ubunifu tangu mwanzo. Fundi anayejua kuifungua habu ya breki ya kukanyaga nyuma anahitaji hatua moja tu kuigeuza kuwa habu ya mchezo. Historia ya baiskeli katika mji huu inaonyesha kwamba fremu iliyodumu ni ile iliyoweza kukatwa, kuongezwa na kuungwa upya mahali inapotumika, na kipimo hicho ndicho kitakachoamua kama fremu ya flatlandi itabaki Juba au itapita.