Zanzibar, Ujerumani Mbili na Sera ya Nje ya Muungano

Hati za Muungano zilizotiwa saini na Julius Nyerere na Abeid Amani Karume tarehe 22 Aprili 1964 ziliyataja mambo ya nchi za nje mara tu baada ya katiba na serikali katika orodha ya mambo 11 ya Muungano, yaani yale ambayo Zanzibar ilikubali kuyakabidhi kwa mamlaka ya pamoja. Anayezisoma hati hizo peke yake anaweza kudhani kwamba Zanzibar, iliyokuwa na watu laki tatu hivi mbele ya Tanganyika yenye takriban milioni kumi, ilikuwa imeuaga uwanja wa diplomasia. Mambo yalikwenda vingine, kwani mojawapo ya masuala mazito yaliyoikabili dola hiyo mpya katika uhusiano wake na mataifa lilikuwa limeanzishwa Unguja kabla Muungano haujazaliwa.

Serikali iliyoshika madaraka kwa Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 ilikuta Uingereza na Marekani zikisita kuitambua hadi mwishoni mwa Februari, huku nchi za kambi ya kikomunisti zikibisha hodi mapema. Miongoni mwa hizo ilikuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani, iliyojulikana zaidi kwa jina la Ujerumani Mashariki, nayo Zanzibar ikairuhusu kufungua ubalozi kamili, hatua ambayo hakuna nchi nyingine ya Afrika iliyokuwa imethubutu kuichukua. Matunda ya urafiki huo yalionekana kwa macho, kwa kuwa nyumba za ghorofa za Kikwajuni, ambazo wenyeji wa mjini hawahitaji kuelezwa asili yake, zilijengwa kwa msaada wa Wajerumani hao.

Ugumu ulitokana na msimamo wa Ujerumani Magharibi, ambayo tangu mwaka 1955 ilikuwa ikifuata kanuni iliyopewa jina la mwanadiplomasia wake, Walter Hallstein. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, serikali ya Bonn ndiyo pekee iliyokuwa na haki ya kuwasemea Wajerumani wote, na nchi yoyote, isipokuwa Muungano wa Kisovyeti, ambayo ingeitambua Ujerumani Mashariki ingehesabiwa kuwa imefanya uadui. Yugoslavia ilikatiwa uhusiano mwaka 1957 na Cuba mwaka 1963. Tanganyika, kwa upande wake, ilikuwa ikipokea misaada ya Bonn, ukiwamo wa kuunda kikosi cha anga. Kwa hiyo, Muungano ulipotangazwa tarehe 26 Aprili, nchi moja ilijikuta na mabalozi wa serikali mbili ambazo kila moja haikutaka kusikia habari za mwenzake.

Bonn ilitaraji kwamba mkubwa angemnyamazisha mdogo, na hapo ndipo ilipokosea. Karume hakuwa tayari kuwafukuza waliomsaidia wakati wengine wakisita, na ingawa kisheria alikuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, Unguja na Pemba ziliendelea kutawaliwa na Baraza lake la Mapinduzi, likiwa na silaha na watu wake, hivi kwamba kuufunga ubalozi ule kwa amri ya Dar es Salaam kungeuhatarisha Muungano wenyewe. Mazungumzo yalichukua miezi. Februari 1965 Nyerere alitangaza suluhu kwamba ubalozi wa Zanzibar ungefungwa, lakini Ujerumani Mashariki ingeruhusiwa kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam, yaani ofisi ya kushughulikia biashara na huduma za raia ambayo haimaanishi utambuzi kamili. Ujerumani Magharibi ilijibu kwa kuondoa msaada wake wa kijeshi ghafla, na Nyerere, aliyeona kwamba msaada huo ulikuwa umegeuzwa kuwa fimbo, akaitaka iondoe pia misaada yake mingine iliyopitia serikalini. Mafunzo ya kikosi cha anga yalichukuliwa na Canada.

Katika Umoja wa Ulaya, ambako maamuzi ya sera ya nje kwa kawaida huhitaji ridhaa ya wanachama wote, nchi ndogo huwa na kura ya turufu, yaani uwezo wa kulizuia jambo hata ikiwa peke yake. Ndiyo maana mwezi Septemba 2020 Cyprus iliweza kuchelewesha vikwazo dhidi ya Belarus ikitaka mgogoro wake na Uturuki nao ushughulikiwe. Zanzibar haikupewa kura ya namna hiyo, ila iliingia katika Muungano ikiwa imekwisha kutenda, na kulitengua tendo kulikuwa na gharama kubwa kuliko kulivumilia. Tanzania iliitambua rasmi Ujerumani Mashariki Disemba 1972, miezi minane baada ya Karume kuuawa.

Zanzibar ilipojiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu Disemba 1992, hali haikuwa ileile tena. Safari hii tendo lilifanywa ndani ya Muungano uliokuwa na katiba iliyokomaa na Bunge lililokuwa tayari kuhoji, na visiwa havikuwa tena na nguvu za mwaka 1964 za kuulazimisha upande wa pili uvumilie. Zanzibar ilijitoa Agosti 1993, na Mambo ya Nchi za Nje yangali jambo la pili katika orodha ya Mambo ya Muungano, ambayo sasa yamefika 22.